Kipepeo wa Mkia na Wake Zake Wasiofanana Naye

Vijana wa Namswea mliokuja kwangu juzi, mliniuliza swali moja na mimi nikawajibu mambo mengine kabisa mpaka chai ikapoa. Mliuliza kama ni kweli kwamba zamani hapa Mbinga kulikuwa na watu wanaofuga vipepeo. Ni kweli. Tulikuwa wachache, na mmoja wetu ni mimi, Skolastika wa Mbuji, ambaye watoto wa shule walikuwa wananiita Mama Viwavi hata nikiwa natoka kanisani na gauni zuri. Mkasema mnataka kuianza kazi hiyo. Basi naandika haya msije mkasema bibi aliwanyima. Nitaandika yanavyonijia, mpangilio mtautafuta wenyewe.

Kwanza, kiwavi usimshike kwa vidole. Mwache kwenye jani lake, likate jani, umhamishe pamoja nalo. Kiwavi wa kipepeo wa mkia akishtuka huchomoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, za rangi ya chungwa, na hapo hapo hutoka harufu ya limau lililoozea mfukoni. Haumizi mtu. Ila wewe ukishtuka utamwangusha, na kiwavi aliyeanguka anaweza kuonekana mzima, akaendelea kula, halafu akafa siku ya kujibadilisha. Utabaki unajiuliza ulikosea wapi.

Shemeji yangu Yohana alijifunza hilo mbele ya watu. Kuanzia mwezi wa sita baridi ya huku kwetu juu hukaza, na kiwavi mwenye baridi hali chakula, anaduwaa tu. Kwa hiyo msimu huo nilikuwa nawashusha ziwani, upande wa Liuli, kwa dada yangu Edina aliyeolewa na Yohana. Kule joto lipo, na kila nyumba ina mlimau wa kulia samaki. Yohana ni mvuvi, mtu anayeingia ziwani wakati wenzake wanavuta mitumbwi nchi kavu. Aliponiona na trei zangu akacheka, akasema, "Shemeji, umetoka milimani na funza?" Akanyoosha kidole akamgusa mmoja mkubwa. Pembe zikachomoka. Yohana akaruka, akapiga trei kwa kiwiko, na viwavi wangu wote wakamwagikia kwenye kichanja cha usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wanakaushwa.

"Ana ulimi wa nyoka huyo!" alipiga kelele.

Edina na mimi tulishinda mchana kutwa tunachambua viwavi kutoka kwenye usipa. Jioni shemeji alikula ugali kwa maharage. Usipa hakuwagusa, na sisi hatukumwuliza kwa nini.

Hapohapo ziwani nilijifunza jambo la pili, nalo ni sisimizi. Palipo na samaki pana sisimizi, na sisimizi akipata pupa laini iliyotoka kujifunga siku hiyo, hula kila kitu akakuachia ganda. Meza ya viwavi isimame miguu yake ndani ya makopo yenye maji, na juu ya maji utie mafuta ya taa kidogo. Meza yenyewe isiguse ukuta. Na chandarua kisining'inie mpaka chini, kwa maana sisimizi hupanda hapo hapo. Nimeona watu wameweka makopo vizuri kabisa, halafu wameacha ncha ya chandarua inafagia sakafu.

Sasa niwaambie kazi ilivyoanza.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Kahawa tuliyozoea kuipeleka kwenye chama cha ushirika peke yake, sasa ilifuatwa na wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake. Msimu mmoja wanagombana mlangoni kwako, msimu unaofuata hakuna anayekuja. Duka la pembejeo la ushirika likafungwa. Mbolea na dawa zikahamia sokoni, zikawa zinauzwa mezani pamoja na sabuni na betri. Shule nazo zikaanza kudai michango. Mume wangu alikuwa amefariki, na binti yangu Benadeta alikuwa sekondari. Kila mtu alikuwa anatafuta cha kuuza, na mimi nilikuwa na migomba, kahawa kidogo, na mlimau mmoja nyuma ya jiko.

Ndipo akaja Bwana Hamadi kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu, mpole, mwenye kibali cha kupeleka vipepeo nje ya nchi. Alikuwa anauliza sokoni nani anajua vipepeo. Watu wakamcheka, kisha wakamleta kwa baba mkubwa wangu, Mzee Alto.

Baba mkubwa katika ujana wake alimbebea wavu Bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anakusanya wadudu. Bruda alishafariki siku nyingi, lakini ujuzi ulibaki mkononi kwa mzee. Wavu wake ulikuwa wa chandarua, umeshonwa kwenye duara la waya, na mpini wa mwanzi. Nilianza kumfuata porini kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na alihitaji mtu wa kumwonyesha kipepeo yuko wapi. Mimi nilikuwa macho, yeye alikuwa mikono.

"Skola," aliniambia siku ya kwanza nilipoanza kukimbia na wavu, "unamkimbiza nani?"

"Yule pale, baba! Anapotea!"

"Hapotei. Dume la mkia lina njia yake. Linapita ukingo wa msitu, linazunguka, linarudi hapa hapa. Simama. Usitupe kivuli chako mbele."

Nikasimama. Na kweli, baada ya muda lilirudi: la rangi ya siagi, pindo jeusi, na mikia miwili ya nyuma. Baba mkubwa alipiga wavu kutokea nyuma yake, akageuza kiganja, mdomo wa wavu ukajifunga wenyewe. Kugeuza kiganja ndiyo kazi nzima. Asiyegeuza hushika hewa. Kisha unabana kifua taratibu kwa vidole viwili, unamlaza ndani ya karatasi iliyokunjwa pembetatu, basi. Mikia isikunjike. Dume lililokatika mkia halikuwa na thamani hata kama lingekuwa zuri namna gani.

Tulifanya hivyo misimu kadhaa. Halafu Bwana Hamadi akaja na habari mpya. Tulikuwa tumekaa barazani kwa baba mkubwa, tunakula viazi.

"Shikamoo mzee," alisema. "Safari hii sitaki waliokufa."

"Marahaba. Unataka nini basi?"

"Nataka walio hai. Kabla hawajatoka. Wakiwa pupa. Huko ng'ambo wamejenga nyumba za vioo, watu wanalipa kiingilio waone kipepeo anavyotoka."

Baba mkubwa aliweka kiazi chini. "Yaani mtu mzima anatoka kwake, anakwenda kukaa ndani ya kioo, anasubiri mdudu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nashika vipepeo. Sifugi funza."

Akarudi kwenye viazi vyake. Mimi nikasema nitajaribu. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu nilikuwa na mlimau nyuma ya jiko, na nilikuwa nimeshaona viwavi kwenye majani yake.

Ugumu ulikuwa mmoja: ili upate mayai unahitaji jike, na jike la kipepeo wa mkia hatukuwahi kuliona.

"Baba, hawa wa mkia, wake zao wako wapi?" nilimwuliza.

"Sijui. Tangu enzi za Bruda nimeshika madume tu. Labda majike yanakaa juu kabisa ya miti, hayashuki."

"Bruda hakukuambia?"

"Hatukuwa tunauliza," alisema.

Basi nikaanza kuchunga mlimau wangu, nione nani anayeacha mayai ya viwavi wale. Siku moja asubuhi, nikiwa naosha vyombo, akaja kipepeo mweusi na mweupe. Hao wako wengi huku kwetu, wanaruka polepole kama hawana haraka na dunia, na ndege hawawagusi kwa sababu ni wachungu. Baba mkubwa alikuwa anawaita masista, kwa rangi zao. Huyu akatua kwenye jani changa la mlimau, akakunja tumbo, akaacha yai moja. Akaruka, akatua jani jingine, akaacha jingine. Nikajiuliza sista anafanya nini kwenye mlimau, maana nilikuwa nimewaona wakitaga kwenye mmea utambaao wenye utomvu kama maziwa kule kwenye korongo. Nikaacha vyombo, nikachukua wavu.

Nikamfungia chini ya chandarua na tawi la mlimau lililowekwa kwenye chupa ya maji. Hapo kuna ufundi: kipepeo aliyefungiwa hufa njaa mbele ya chakula. Changanya maji na sukari kidogo, loweka pamba, mshike mabawa yakiwa yamefungwa, kisha kwa ncha ya sindano mkunjue ule mrija wa mdomo taratibu mpaka uguse pamba. Akionja atakunywa mwenyewe. Asubuhi na jioni. Huyu alikunywa, akataga, akafa. Mayai yake niliyatenga, sikuyachanganya na kitu kingine chochote.

Wakatoka viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege, wakakua, wakawa wa kijani, wakajifunga. Wa kwanza kutoka kwenye pupa alikuwa dume la mkia, rangi ya siagi. Nilikaa chini kwenye sakafu. Siku iliyofuata, kutoka trei ileile, akatoka sista, bila mkia. Kisha dume jingine. Kisha mmoja wa rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye naye tulikuwa tunamwona porini na kumdhania ni kabila lingine kabisa. Wote watoto wa mama mmoja.

Nikamwita baba mkubwa. Alikuja na fimbo yake, nikamsogezea kiti karibu kabisa na chandarua ili aone. Nikamweleza polepole. Akaingiza mkono, sista mmoja akampanda kidoleni, akamleta karibu na jicho lake zuri.

"Skola, una hakika hukuchanganya mayai?"

"Nina hakika, baba."

Akageuza uso pembeni. Nilidhani amekasirika. Kumbe mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na machozi yanamtoka.

"Maisha yangu yote," alisema. "Maisha yangu yote nimemtafuta mke wa huyu bwana, na yeye ananipita mbele ya pua kila siku amevaa nguo za mwenzake!"

Bwana Hamadi alipokuja nikamwonyesha kwa fahari. Akashangaa kwa nini tunashangaa. "Mimi nilidhani mnajua," alisema. "Kwenye kitabu changu wote wana jina moja. Dume ni mmoja tu kwa sura, majike yana sura nyingi. Wanaiga wale wachungu ili ndege wasiwale." Wala hakuwa anatucheka. Alikuwa hajawahi tu kufikiri kwamba sisi hatukuwa na kitabu.

Tangu siku ile baba mkubwa aliyesema hafugi funza akawa anakuja kwangu kila asubuhi. Alikaa kando ya chandarua na sista wa kweli kwenye gilasi moja na sista wa uongo kwenye nyingine, anawalinganisha kwa kile kijicho chake. Ndiye aliyegundua njia ya kuwatofautisha ambayo sijaona nyingine bora kuliko hiyo. Tazameni miguu. Sista wa kweli husimama kwa miguu minne, miwili ya mbele ameikunja kifuani, haionekani. Wa uongo, yaani mke wa kipepeo wa mkia, husimama kwa yote sita. Rangi itawadanganya, mwendo utawadanganya, miguu haidanganyi. Mzee alifariki miaka michache baadaye, na mpaka wiki ya mwisho alikuwa anawauliza watu waliokuja kumsalimia kama wameona miguu mingapi.

Sasa kuhusu kusafirisha. Pupa hubebwa ikiwa changa. Ilegeze uzi wake kwa maji ya uvuguvugu, usivute. Ilaze kwenye pamba, tabaka kwa tabaka, ndani ya sanduku lenye matundu. Ukiona pupa imeanza kuwa nyeusi na rangi za mabawa zinaonekana kwa ndani, hiyo imechelewa, iache nyumbani. Nawaambia kwa sababu nilipeleka sanduku moja Songea wakati wa masika, na barabara ya siku zile mnaisikia tu kwa wazazi wenu. Lori lilizama kwenye tope kilimani. Tulilala pale. Asubuhi dereva akanigusa bega.

"Mama, mzigo wako unatoka."

Kwenye matundu ya sanduku zilikuwa zinachungulia antena. Kipepeo akitoka lazima apate mahali pa kuning'inia, la sivyo mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana, na hatakaa aruke. Nikafungua sanduku, nikawa nawatundika popote: kwenye kitambaa cha dirisha, kwenye kofia ya dereva, kwenye khanga ya mama mmoja aliyekuwa amelala. Kila mmoja anatoa tone la maji ya rangi ya chai anapomaliza kujikunjua, kwa hiyo abiria walipata madoa. Yule mama alipoamka akakuta madume matatu ya mkia yanapepea kifuani pake. Hakupiga kelele. Akasema, "Msiniguse," akakaa kimya vile mpaka waliporuka wenyewe dirishani. Mzigo ule ulikwisha, lakini sikuwahi kuwa na safari ambayo watu waliachana kwa uchangamfu kama ule.

Yote hayo ni mepesi. Sasa niandike jambo zito, la Gaudensia.

Gaudensia alikuwa jirani yangu, ua kwa ua, na rafiki yangu tangu usichana. Tulikuwa jumuiya moja, tukisali nyumba kwa nyumba. Kahawa ilipoyumba yeye alianza kitalu cha miche ya michungwa na milimau. Alikuwa hodari wa kubebesha, yaani kupachika kichipukizi cha chungwa kwenye shina la limau kali. Watu walitoka hata Ruanda, kile kijiji cha hapa hapa Mbinga, kuja kununua miche yake. Na msimu mmoja, mvua zilipoanza na miche imetoa majani laini, viwavi wakaivamia. Kipepeo huyu hutafuta jani changa, na kitalu kizima ni jani changa.

Akaja uani kwangu ameshika mche uliobaki vijiti.

"Mama Benadeta, tazama."

"Pole, Gaude. Hao ni wa porini, wanakuja kila mwaka."

"Kila mwaka? Mwaka gani waliwahi kuja wengi hivi? Wewe unawalea, mimi wananila!"

"Wangu wako ndani ya chandarua."

"Na wanaokuponyoka?"

Siwezi kuapa kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka ule ua. Alilipeleka jambo kwenye jumuiya. Wengine walisema niache, wengine wakasema kipepeo hana mwenyewe. Mwenyekiti wa jumuiya akatuomba tupeane mkono wa amani. Tulipeana, lakini mkono wake ulikuwa baridi, na baada ya hapo hakunisalimia. Nikipita anainama kwenye miche. Benadeta alipofunga shule akaniuliza kwa nini mama yake mdogo Gaude haji tena kunywa chai, nikamwambia ana kazi nyingi.

Kisha siku moja mchana nikasikia pampu ya kupulizia upande wa pili wa ua. Harufu ikaja na upepo. Kila mtu aliyekulia kwenye kahawa anaijua harufu ya dawa, lakini hii ilikuwa kali kuliko nilivyozoea. Nikakimbilia viwavi wangu kuwafunika na shuka. Wengine walikuwa tayari wanajinyonganyonga na kudondoka. Nilikuwa na hasira. Nilitoka nikiwa nimepanga maneno yote ya kumwambia.

Nilipofika kwenye pengo la ua, pampu ilikuwa imenyamaza. Gaudensia alikuwa ameketi chini katikati ya miche, pampu bado mgongoni, amejiegemeza upande. Jasho linamtiririka, mate yanamtoka mdomoni, mikono inatetemeka. Pampu ile ya marehemu mume wake ilikuwa inavuja, na kitenge chake kilikuwa kimelowa mgongo mzima.

"Gaude! Umetia dawa gani?"

"Ya... sokoni," alisema. "Sioni vizuri."

Maneno yangu yote yakaniishia. Nilikata mikanda ya pampu kwa kisu cha kubebeshea, nikamvua zile nguo zote pale pale, nikammwagia keni nzima ya maji ya kumwagilia, kisha nyingine, nikamsugua kwa sabuni mgongo na nywele huku napiga yowe. Majirani wakaja. Wakatengeneza machela kwa blanketi na miti miwili, wakapokezana mpaka hospitali. Mimi nilibaki nyuma kidogo kutafuta chupa ya dawa. Niliikuta: chupa ya soda, haina karatasi, haina jina, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Hata hivyo niliichukua. Muuguzi alifungua, akanusa kwa mbali, akamwita mganga, wakaanza kumchoma sindano.

Nilikaa naye mpaka macho yake yalipoanza kuona. Kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa miche yake.

"Ipo," nilimwambia. Ilikuwa imeungua majani yote, lakini mashina yalikuwa mazima, kwa hiyo sikusema uongo.

"Na wadudu wako?"

"Wapo."

Huo ndio ulikuwa uongo. Walikufa wote, trei zote, na nilikuwa nimewaambia ndugu zake wawafukie kwenye shimo la migomba kabla hajarudi. Aligundua baadaye, kwa sababu huku kwetu hakuna siri inayolala siku mbili.

Mikono yake iliendelea kutetemeka kwa muda mrefu. Mtu wa kubebesha akitetemeka mkono, hana kazi. Kwa hiyo jioni nilikuwa navuka ua, yeye ananionyesha jicho la kichipukizi, mimi nakata na kufunga. Siku moja asubuhi akanigongea mlango. Ameshika tawi la mlimau lenye viwavi, amelishika mbali na mwili wake kama anayebeba moto.

"Nimekuletea wageni," alisema.

"Gaude..."

"Usinishukuru. Sijawapenda. Nimechoka tu kuua."

Ndivyo tulivyoanza kushirikiana. Kila asubuhi anapita kwenye miche yake na kikapu, anakagua kila jani changa, mayai na viwavi wote ananiletea. Dawa hakuihitaji tena, na mimi sikuhitaji tena kukimbilia porini kutafuta majike. Mkijenga mabanda yenu, tafuteni mwenye kitalu wa karibu mwingie naye mapatano kabla ya kununua hata msumari. Hilo ni la muhimu kuliko chandarua. Na kama atasema lazima apulizie, mwambieni aje anione, nitamweleza habari ya kitenge kilicholowa.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mpaka Bwana Hamadi alipougua. Alituma salamu kwa dereva kwamba hataweza tena, na watoto wake hawaitaki biashara hiyo. Salamu zilifika masanduku yakiwa yamejaa, tumemaliza kuyafunga siku hiyo. Gaudensia akauliza tutafanyaje. Nikasema hatuwezi kuwarudisha walikotoka. Tukafungua masanduku, tukazitundika pupa zote kwenye kamba chini ya paa la baraza, moja moja.

Vipepeo walitoka kwa muda wa wiki nzima. Majirani waliokuwa wananicheka walikuja na vigoda. Madume ya siagi, masista, wale wa rangi ya chungwa, walining'inia pale wakikausha mabawa, kisha wanaruka kuelekea korongoni. Gaudensia aliwatazama miguu, mmoja mmoja, kama alivyozoea baba mkubwa, na kwa kila sista akawa anasema kwa sauti, "Sita. Huyu wetu."

Baada ya siku kadhaa tulikuwa uani kwake tunachambua maharage. Sista mmoja akaja akielea juu ya kitalu, akatua kwenye mche mzuri kuliko yote, uliokuwa na majani laini yanayong'aa, akakunja tumbo. Nikasimama upesi nimfukuze. Gaudensia akanivuta khanga.

"Kaa chini, Skola," alisema. "Mwache amalize."